Pongezi kwa Wahifadhi wa Michoro ya Miambani

Haimpasi mtu wa Singida, aliyekulia baina ya majabali yake, kudhani kwamba makumbusho ya sanaa sharti yawe na kuta na dari, ilhali katika mapango ya Iramba, kama katika yale ya jirani zetu wa Kondoa yaliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, wahenga walichora kwa rangi nyekundu wanyama na wanadamu, na vizazi vilivyofuata vikazidisha michoro yao myeupe.

Wanastahiki shukrani wanazuoni walioidhihirisha hazina hii: Ludwig Kohl-Larsen, aliyezuru nchi hizi katika miaka ya 1930, Mary Leakey, aliyeinakili michoro ya Kondoa mwaka 1951, na Mtanzania mwenzetu, Profesa Fidelis Masao, aliyeitafiti kwa bidii na ikhlasi. Wanastahiki zaidi wazee wa vijijini, ambao kwa kuyaheshimu mapango hayo kuwa mahali pa tambiko wameyahifadhi bila ujira.

Basi, ewe msomaji, uzurupo huko, usichore jina lako miambani wala usiimwagie maji michoro ili ing'are, kwani maji huifuta. Itazame, uwafunze wanao, uiache salama.