Kutoka Kareendi hadi Wariinga: Sitara, Ukweli wa Nafsi na Uponyaji katika Shetani Msalabani

Utangulizi

Uhakiki wa Shetani Msalabani, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyotoka kwa Kikuyu mwaka 1980 na kwa Kiswahili mwaka 1982, umejikita kwa muda mrefu katika siasa yake. Mengi yameandikwa kuhusu karamu ya wezi na wanyang'anyi, kuhusu ukoloni mamboleo, na kuhusu nafasi ya mkulima na mfanyakazi katika ukombozi. Mkabala huo una haki yake, kwani mwandishi aliitunga kazi hii mwaka 1978 akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti, juu ya karatasi za msalani, na hakuficha upande aliosimama. Hata hivyo, kabla riwaya haijamfikisha msomaji katika pango la wezi kule Ilmorog, inamwonyesha kwanza mwanamke mmoja asiyeupenda uso wake, aliyepoteza kazi, mpenzi na nyumba kwa mfululizo, na anayezunguka barabara za Nairobi akiwa amechoka kuishi.

Makala haya yanamchunguza mwanamke huyo, Jacinta Wariinga, kwa upande wa nafsi yake. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba mabadiliko ya Wariinga hayaanzi siku anaposhika spana wala siku anaposhika bastola. Yanaanza pale anapopata msikilizaji, kisha anapoacha kukisimulia kisa chake kwa jina la mtu mwingine. Aidha, makala yanadai kuwa riwaya, licha ya kuiona hatua hiyo kwa uwazi mkubwa, inauruka ugumu wa kupona kwenyewe.

Hoja ya sitara

Riwaya inafunguliwa kwa mgogoro juu ya kusema na kunyamaza. Msimulizi ni mpiga gicaandi, yaani manju anayetumia kibuyu chenye nakshi katika sanaa ya jadi ya Wakikuyu. Baadhi ya watu wa Ilmorog wanamsihi asikitoe hadharani kisa cha Wariinga. Wengine wanaona ni cha aibu. Wengine wanaona ni cha machozi, na machozi hayafai kumwagwa mara mbili. Msimulizi anawajibu kwa mfano wa shimo lililo uani: kulifunika kwa majani hakulifanyi liondoke. Hata hivyo naye anasita, mpaka mama yake Wariinga anapomjia alfajiri na kumwomba akisimulie kisa cha mwanawe.

Mhakiki wa Kiswahili hawezi kuupita mgogoro huu kwa haraka. Sitara ni tunu katika jamii nyingi za Afrika Mashariki. Mtu mwenye heshima hutarajiwa kuyafunika ya nyumbani kwake na ya moyoni mwake. Lakini lugha hiyo hiyo inasema kwamba mficha maradhi, kifo humwumbua, na kwamba mficha uchi hazai. Utamaduni haukukosa hoja dhidi ya kunyamaza. Ulizibeba hoja zote mbili na kumwachia kila mtu azipime. Jambo la kuzingatia katika riwaya hii ni nani anayeitatua mizani hiyo. Si chama, si mwalimu wala kiongozi wa wafanyakazi. Ni mama. Anayedai ukweli usemwe ndiye ambaye, kwa kawaida, angetarajiwa kuulinda usiri wa mwanawe kuliko wote.

Uso unaochukiwa

Tunapokutana na Wariinga kwa mara ya kwanza, ameshajihukumu. Anaamini kuwa sura yake ndiyo chanzo cha masaibu yake yote. Anauchubua uso kwa mafuta ya Ambi na Snowfire mpaka ngozi inageuka madoadoa; anazinyoosha nywele kwa chanuo la moto; anabana midomo asicheke, kwa kuwa anayaonea haya meno yake. Hata mavazi anayovaa hayamkai, kwa sababu anayachagua kwa kuigiza wengine.

Katika maelezo hayo mwandishi ametia jambo dogo ambalo ni ufunguo wa mhusika. Kila Wariinga anapojisahau, akaacha kuyafikiria meno na ngozi yake, akacheka kwa moyo wote, kicheko chake huwateka wanaomsikia. Uzuri wake basi haujapotea. Umezuiwa na jicho analojitazamia. Jicho hilo si lake peke yake. Ni jicho la matangazo ya vipodozi, la Bosi Kihara aliyemfuta kazi kwa kukataa kuwa kimada wake, na la John Kimwana, mpenzi aliyemtupa kwa kumshuku kuwa kimada wa bosi huyo huyo. Kinaya ni kikali: anaadhibiwa na mmoja kwa kukataa, na mwingine kwa kudhaniwa kuwa alikubali.

Hapa ndipo riwaya inapokutana na historia ya mji wenyewe. Daktari J. C. Carothers, aliyeiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari jijini Nairobi enzi za ukoloni, alichapisha mwaka 1953, chini ya Shirika la Afya Duniani, utafiti uliodai kuwa sonona ni nadra kwa Mwafrika, kana kwamba Mwafrika hakuwa na nafsi ya kutosha kujilaumu. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilimtumia tena kuueleza upiganaji wa Mau Mau kama tatizo la akili. Frantz Fanon aliyashambulia madai yake mwaka 1961. Wariinga ni jibu la kisanaa kwa madai hayo. Ni mtoto wa Hali ya Hatari, ambaye wazazi wake walitiwa kizuizini na Waingereza akiwa mdogo. Na huzuni yake imejaa kujilaumu kupita kiasi. Anayakanusha madai hayo kwa namna anavyojitazama kwenye kioo, bila kuhitaji hotuba yoyote.

Kareendi, au kinga ya jina la mwingine

Katika kituo cha basi katikati ya mji, Wariinga anaishiwa na nguvu, na kijana asiyemjua anamshika mkono asianguke barabarani. Ndiye binadamu wa kwanza kumuuliza ana nini. Wariinga hamwambii yaliyompata. Anamwambia kisa cha Kareendi, msichana yeyote wa Nairobi: aliyepata mimba akiwa shuleni na kukanwa, akajitahidi akasoma upigaji taipu, akazunguka ofisi moja baada ya nyingine akikuta kila mlango unafunguliwa kwa masharti yale yale ya kitandani, akakataa, akafutwa, akaachwa.

Wahakiki wamezoea kukisoma kisa cha Kareendi kama muhtasari wa hali ya wanawake wafanyakazi mijini. Ndivyo kilivyo, na nguvu yake ya ujumla haipaswi kupuuzwa. Lakini kinafanya kazi ya pili. Kareendi ni kinga. Kwa kumweka mbele, Wariinga anaweza kuyasema ambayo jina lake lingemzuia kuyasema. Nafsi ya tatu inamwezesha kulia bila kuonekana analia. Kila mwenye kumsikiliza rafiki akianza kwa kusema kuwa kuna mtu fulani mwenye tatizo fulani anaijua mbinu hii, na anajua pia kuwa adabu ni kutomuuliza mtu huyo ni nani.

Kinga hiyo ilikuwa na sababu nyingine ambayo uhakiki haujaipa uzito. Wariinga aliwahi kujaribu kujiua. Kwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, jambo hilo lilikuwa kosa la jinai. Mtu aliyelikiri alikuwa anakiri uhalifu. Kifungu hicho kilidumu muda mrefu baada ya riwaya kuandikwa. Ni tarehe 9 Januari 2025 tu ambapo Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitangaza kuwa kinakwenda kinyume na Katiba. Sitara iliyomzunguka Wariinga, basi, haikuwa ya mila peke yake. Ilikuwa na askari na hakimu nyuma yake.

Matatu kama baraza

Kutoka Nyamakima, safari ya kwenda Ilmorog inafanywa kwa matatu kuukuu ya Mwaura. Anayelijua jiji anaijua njia hiyo ya magharibi ipandayo kupitia Westlands, Kangemi na Uthiru kuelekea Bonde la Ufa. Ilmorog ni mahali pa kubuni, lakini safari ya kuuacha mji jioni, abiria wakiwa wamebanana magoti na wasijuane majina, ni halisi kabisa.

Katika gari hilo anayetangulia kujifunua ni Wangari. Hana nauli, na hana budi kusema kwa nini. Anaeleza kuwa aliwahi kubeba risasi na silaha za wapiganaji wa uhuru, na kwamba leo amekamatwa mjini kwa kosa la kutafuta kazi. Hajisitiri kwa jina la mwingine. Malipo ya ukweli wake ni ya papo hapo: wenzake wanachanga nauli. Gatuiria naye, msomi wa muziki kutoka Chuo Kikuu, hawezi kumaliza sentensi ya Kikuyu bila kuingiza Kiingereza. Mara nyingi kasoro hii huelezwa kama dalili ya ukoloni wa kitamaduni. Yafaa kuongeza kuwa ni dalili ya mtu asiyekuwa na lugha ya kusemea yaliyo karibu naye. Na mwisho wa riwaya utamkuta hivyo hivyo, akiwa hana la kusema wala la kutenda.

Matatu hii haiponyi mtu. Lakini inamfundisha Wariinga kuwa mtu anaweza kuyataja masaibu yake kwa jina lake mwenyewe na bado akabaki na heshima yake. Ni baada ya safari hiyo, kule Ilmorog, ndipo anapomweleza Gatuiria habari za Nakuru: mzee tajiri wa Ngorika aliyemtongoza akiwa mwanafunzi, mimba, kukanwa, na njia ya reli alikokwenda kulingoja gari moshi akaokolewa na mlinzi. Mambo mengi ni yale yale ya Kareendi, ila sasa Kareendi ameondoka.

Baada ya kusema hayo, anasikia sauti ya Ibilisi ikimshawishi kando ya uwanja wa gofu. Daktari angeweza kuita tukio hili dalili ya ugonjwa, na mtaa ungesema mtu huyu apelekwe Mathari. Riwaya haifanyi hivyo. Inamwacha abishane na sauti hiyo, ajibu na aulize. Mtu aliyekwisha kujisema anaweza kusikia sauti ya kumdhalilisha asiichukue kuwa yake.

Miaka miwili iliyorukwa

Sehemu inayofuata inaanza miaka miwili baadaye. Wariinga amerudi Nairobi akiwa mwingine: anasomea uhandisi, anatengeneza magari, ameacha kujichubua, nguo zinamkaa, na anajua kujikinga kwa ngumi na mateke. Kama picha ya mwanamke aliyejikubali, sehemu hii haina mfano katika riwaya ya Kenya ya wakati wake. Kama maelezo ya kupona, ina pengo. Asubuhi ambazo Wariinga alijitazama kwenye kioo bila mafuta ya kuchubua na bado akajichukia, siku alizotaka kurudi nyuma, usiku ambao ndoto ya shetani msalabani ilirudi: hayo yote yamo ndani ya miaka miwili ambayo msomaji hakuonyeshwa.

Pengo hilo lina sababu ya kiitikadi. Kwa riwaya hii, maumivu ya nafsi yanatokana na unyonyaji. Ukimpa mtu kazi ya mikono yake na wenzake wa kushirikiana nao, maumivu yataisha. Ukweli mkubwa umo humo, lakini si wote. Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974) ilikwisha kuonyesha kinyume chake, mtu ambaye mzigo wake hauondolewi na elimu, ndoa wala kazi. Na hatima ya Wariinga mwenyewe inairudisha hoja mlangoni. Anapomkuta mzee wa Ngorika kuwa ndiye baba wa Gatuiria, anampiga risasi na kwenda zake, huku akijua kuwa magumu zaidi yako mbele. Haki imetendeka, lakini kama jeraha limefunga, riwaya haisemi.

Ulinganisho na maandishi ya karibuni unalifanya pengo hili lionekane vizuri zaidi. Binyavanga Wainaina alichapisha wasifu wake mwaka 2011, kisha Januari 2014 akatoa sura aliyosema ilikuwa imekosekana, akimwambia mama yake aliyefariki mwaka 2000 kuwa yeye ni shoga. Alisimulia mara ya pili ili kuondoa kifuniko cha mara ya kwanza, kama Wariinga alivyofanya. Tofauti ni kwamba Wainaina aliendelea kuandika na kusema hadharani baada ya hapo, pamoja na kutangaza mwaka 2016 kuwa anaishi na virusi vya Ukimwi, mpaka kifo chake jijini Nairobi tarehe 21 Mei 2019. Kwake kujikubali hakukuwa mlango unaopitwa mara moja. Ilikuwa kazi ya kila siku. Zaidi ya hayo, kwa Ngũgĩ mama yu hai na anaomba kisa kisimuliwe, ilhali kwa Wainaina mama hayupo tena kukisikia. Kati ya picha hizo mbili kuna gharama yote ya kuchelewa kusema.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa siasa ya Shetani Msalabani imesimama juu ya msingi ambao wahakiki wameupita: mtu mmoja kumsikiliza mwenzake. Wariinga anaokolewa mara mbili na mkono wa mtu asiyemjua, mara ya kwanza relini Nakuru na mara ya pili kituoni Nairobi, na kila mara uhai wake unategemea kuwapo kwa mtu aliyesimama karibu. Mwandishi wake, aliyefariki tarehe 28 Mei 2025, aliliona hilo waziwazi, ingawa hakukaa nalo muda mrefu. Kuyaandika yale ya miaka miwili iliyorukwa, kwa lugha ambayo tayari ina simanzi, jitimai, kihoro na majonzi, ni kazi inayowasubiri waandishi wa Kiswahili wa Nairobi. Sheria imekwisha kuondoa mkono wake; kilichobaki ni kifuniko cha majani juu ya shimo, na shimo bado lipo uani.