Sikio la Kufa

"Sikio la kufa halisikii dawa." Methali hii husemewa mtu aliyekataa katakata kubadili mwendo wake, na aghalabu msemaji huitamka huku akigeuza uso, kama aliyekwisha nawa mikono. Wachache huyatazama maneno yenyewe, na uzuri umo humo.

Mswahili hasikii sauti tu. Husikia njaa, baridi, harufu na maumivu. Mtoto mkaidi huambiwa "hasikii". Maradhi sugu nayo "hayasikii dawa". Methali imezikutanisha semi hizi mbili, ya ukaidi na ya ugonjwa, katika kiungo ambacho jina lake limezaliwa na kitenzi hicho hicho. Sikio litiwe dawa, lisisikie! Kitenzi kimoja chabeba mizigo miwili, na sijui mfasiri atakayeihamisha methali hii katika lugha ya kigeni pasipo kuangusha mmoja.

Lakini ni yapi maana ya "la kufa"? Wengi huifasiri kana kwamba imesemwa "sikio lililokufa", nami sikubaliani nao. Tusemapo "siku ya kufa nyani miti yote huteleza", nyani huyo angali hai juu ya mti. Vivyo hivyo sikio la kufa ni lile lilielekealo kufa, na hapana alitambuaye mpaka dawa iwe imekwisha kutiwa, tena si mara moja. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" ni onyo, hutangulia. Methali yetu hufuata. Kuitanguliza ni kumnyima mgonjwa tiba.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya nchini Tanzania, ingalikuwa rahisi kuwasemea wanavijiji methali hii na kuwaacha na desturi zao. Badala yake watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka karibu na nyumba. Hawakuhubiriwa tu, walipewa nafasi ya kujibu.

Nimepata kuiona methali hii imeandikwa kwa wino mwekundu katika taarifa ya mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza, muhula wa kwanza haujesha. Mwandishi wake alikuwa ametia dawa mara ngapi?