Kijana na Kilema: Uhakiki wa Majina

Husemwa kwamba majina kilema, kipofu, kiziwi na kiwete humtweza mtu kwa kuwa yamo katika ngeli ya vitu. Hoja hii ina upungufu. Kijana na kiongozi pia wamo humo, wala hawadharauliki. Tena upatanisho wa majina haya ni wa kiumbe hai: kiziwi amekuja.

Dosari imo katika maana. Neno kilema hutaja kasoro ya mwili, na papo hapo humtaja aliye nayo. Kasoro na mtu huwa kitu kimoja. Methali nazo husaidia jambo hili. Katika Mji wa Kale wa Mombasa, kijana wa miaka 15 aendaye chuoni kwa magongo hupita mbele ya baraza, akasikia: "Hujafa hujaumbika." Methali ni ya huruma, lakini yamwonya aliye mzima; kijana ni mfano tu. Haina habari ya mtihani wake, mpira aupendao, wala ngazi zinazomzuia kuingia kwa rafikiye.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa haki ya kutajwa pasipo kudunishwa. Istilahi "mtu mwenye ulemavu" humtanguliza mtu, nayo yafaa. Hata hivyo, istilahi haitungi hadithi. Hapana budi watunzi wamwandike kijana huyu akitaka, akikosea na akichekesha, pasipo kumfanya funzo la wapitao.