Umepataje?

Mpe mtoto wa darasa la tatu hesabu ya 42 kutoa 17, azipange moja chini ya nyingine, na huenda akakuletea 35. Jibu hilo lina akili yake. Mtoto ametazama safu ya mamoja, akaona 2 juu na 7 chini, akakumbuka aliyoambiwa kwamba kubwa haitoki kwenye ndogo, basi akazigeuza: 7 kutoa 2 ni 5. Akahamia makumi, 4 kutoa 1 ni 3. Hakubahatisha hata kidogo. Amefuata kanuni, ila kanuni yenyewe ameitunga yeye. Mwalimu mwenye haraka atapiga mkasi kwa wino mwekundu na kupita. Mwalimu ninayemsifu hapa huweka kalamu chini na kuuliza, "Umepataje?"

Na huwauliza hivyohivyo waliopata 25. Ilinichukua muda kuelewa kwa nini. Ukiwauliza waliokosea peke yao, mwezi haupiti kabla watoto hawajajua kwamba "umepataje" maana yake ni "futa", na hapo swali limekufa. Mtoto atafuta haraka, na wewe hutajua tena alichokuwa akifikiri.

Huyo ninayemsifu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjini Tanga. Kila Jumamosi asubuhi hukusanya watoto wa mtaani kwake barazani, saa moja ya kusoma na saa moja ya kuhesabu. Wao humwita Bi Mwalimu, nami nitamwita hivyo. Vifaa vyake vinaingia vyote kwenye kikapu kimoja: vitabu vilivyochakaa, vipande vya boksi, vizibo vya soda, na vijiti vilivyokatwa kutoka mafagio ya chelewa, vimefungwa kumi kumi kwa ukindu.

Yule wa 35 hakuambiwa kwamba amekosea. Alipewa mafungu manne ya vijiti na vijiti viwili vya pembeni, kisha akaombwa: "Nipe kumi na saba." Alitoa fungu moja upesi. Akatoa na viwili vya pembeni. Akakwama. Alilitazama fungu, akamtazama Bi Mwalimu, akalitazama fungu tena, na Bi Mwalimu akaendelea kupanga vizibo vyake kana kwamba hana habari. Kimya kile kilinitesa mimi kuliko mtoto. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wakiuliza swali kwa kawaida husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kusema tena. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka na hata waliozoea kunyamaza walianza kusema. Sekunde tatu husikika kama kitu kidogo mpaka ujaribu kuzikalia mbele ya mtoto anayekutegemea umwokoe. Hatimaye kijana alifungua ukindu mwenyewe, akahesabu vijiti vitano zaidi, akatoa. Mkononi mwake yakabaki mafungu mawili na vijiti vitano. Hapo ndipo alipoletewa daftari lake, alinganishe.

Kuna jambo jingine ambalo huliangalia kwenye makumi. Kuhesabu kwetu kunaanza kwa ukarimu: kumi na moja, kumi na mbili, kila namba inajitangaza imeundwa na nini. Ukifika ishirini, thelathini, arobaini, ukarimu unakwisha, na mtoto anaweza kukariri mpaka mia bila kujua kwamba arobaini ni makumi manne. Kwa hiyo wadogo wake huhesabu mara mbili, kwanza kwa majina ya kawaida, kisha "makumi mawili na moja, makumi mawili na mbili", huku wakigusa mafungu. Hasemi kwa nini. Wanaimba, wanagusa, basi.

Lakini ufundi wake unaanza kabla ya hapo, pale anapoamua nani akae na nani. Hagawi watoto kwa madarasa yao ya shule. Mtoto mgeni husomeshwa karatasi moja: herufi chache, silabi, maneno, sentensi, hadithi fupi. Anapokwama ndipo anapoanzia. Utaratibu huu una historia ndefu kuliko baraza yake. Shirika la Pratham, lililoanzishwa Mumbai mwaka 1995, ndilo lililoueneza India, likawapanga watoto kwa wanachokiweza wala si kwa umri wao; na mwaka 2010 watu wa mpango wa Uwezo wakapita majumbani hapa Tanzania na karatasi za namna hiyohiyo, wakiwapima watoto kwa kazi za darasa la pili na kukuta wengi wa madarasa ya juu hawaziwezi. Shuleni kwenye watoto themanini chumba kimoja, sijui nani angeweza kupanga hivi, na simlaumu mwalimu wa huko. Barazani inawezekana. Aibu tu ndiyo ya kuangalia, maana mvulana wa darasa la tano anaweza kujikuta amekaa na mdogo wake wa darasa la pili. Bi Mwalimu ameyapa makundi majina ya samaki: changu, kolekole, nguru. Hakuna anayejua samaki yupi yuko juu, na mtoto akishaiva huhamishwa kimyakimya Jumamosi inayofuata.

Kwenye kusoma ndiko nilikokaa muda mrefu zaidi, kwa sababu niliingia na dharau. Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa; mtoto akishazijua silabi, nilidhani, kazi imekwisha. Kumbe ndipo inapoanza. Maneno ya vitabu vya Kiswahili ni marefu. Chukua "atakaponiletea": silabi nane. Mtoto anayezikokota moja moja akifika ya nane ameshasahau ya kwanza, na ukimwuliza amesoma nini atakuangalia tu. Amesoma kila kitu na hajasoma chochote.

Bi Mwalimu ana kipande cha boksi la sabuni. Anaziba neno lote isipokuwa mwisho wake: "letea". Watoto wanasoma. Anasogeza boksi kidogo kushoto: "niletea". Kundi zima linaisoma. Kisha anaandika pembeni "ataniletea", wanasoma. Anaichomeka ile "kapo", na neno zima linasimama mbele yao likiwa na umbo. Hapo maswali: nani analeta? Analetewa nani? Ameshaleta au bado? Majibu yote matatu yamo ndani ya neno moja, na mtoto akishaligundua hilo huanza kuyawinda mwenyewe. Nilimsikia msichana wa kundi la kolekole akinong'ona "hatukumwambia" peke yake, akiliziba kwa kidole gumba na kulifungua, kama mtu anayekagua saa.

Makosa ya kusoma nayo huyachagua. Mtoto aliyekuja na lafudhi ya nyumbani kwao akibadilisha r na l bila kuharibu maana, humwacha aende. Maana ikivunjika hamkatizi pia, husubiri nukta. Kijana mmoja alisoma kwamba baba alinunua karamu mbili, moja nyekundu na moja ya buluu. Bi Mwalimu aliuliza kwa upole, "Na wageni wa hiyo karamu nyekundu walikuwa wangapi?" Kijana alicheka kabla ya wenzake, akarudi kwenye mstari, akaipata kalamu.

Dakika za mwisho za saa ya kusoma ni za kusomewa. Humo kikapuni kuna vitabu vilivyotokana na Mradi wa Vitabu vya Watoto, ambao tangu mwaka 1991 umesaidia vitabu vya hadithi vya Kiswahili vipatikane nchini. Hapa haulizi lolote mpaka ukurasa wa mwisho. Hadithi ikikatwakatwa kwa maswali inageuka mtihani, na mitihani wanayo ya kutosha kwenye tuisheni. Niseme pia kwamba si msomaji mzuri wa sauti za wanyama. Simba wake na sungura wake wanaongea sawasawa, na watoto hawajali.

Saa ya hesabu humalizikia uani, kwenye mdako. Mchezo wenyewe mnaujua: kishimo, vijiwe, unarusha kimoja juu na kabla hakijatua unavikokota vingine vitoke, kisha unarusha tena na kuvirudisha, ukiacha nje kimoja. Raundi inayofuata unaacha viwili viwili, halafu vitatu vitatu. Bi Mwalimu huweka vijiwe kumi na viwili, na kabla raundi haijaanza kila mtoto aseme: tukitoa vitano vitano, vitabaki vingapi shimoni? Kugawanya na baki, mada inayowaliza watoto darasani, hapo inakuwa sababu ya kubishana. Wasichana wanatawala. Wavulana, ambao wengi wanaona mdako ni wa kike, hulazimika kuwaomba wafundishwe.

Mwaka 1985 watafiti watatu walichapisha walichokiona Recife, Brazili, kwa watoto wanaouza barabarani. Wakiuza kibandani pao walikokotoa sawa kwa asilimia 98. Hesabu zilezile zikiandikwa tupu kwenye karatasi, asilimia 37. Mmoja wa miaka 12 aliulizwa bei ya nazi kumi, kila moja 35. Shule ingemfundisha aongeze sifuri. Yeye alianza na bei ya nazi tatu, ambayo bila shaka aliijua kwa mauzo ya kila siku: 105, zikiwa sita 210, tisa 315, na moja ya kumalizia, 350. Barazani Tanga wapo watoto wa aina hiyo, wanaouza karanga na visheti jioni. Bi Mwalimu anawajua, na huwa anaanza nao kwa bei.

Shida ya kazi ya mara moja kwa wiki ni siku sita za katikati. Hawapi madaftari ya kujaza, huwatuma kutafuta. Wiki moja watafute "ng'" kwenye vibao vya maduka. Wiki nyingine wahesabu vyuma vya madirisha ya jirani kwa safu na mistari. Niliyoipenda ni ile ya kunakili jina la kanga ya nyumbani na kuja kulisoma, kwani katika mji huu hakuna nyumba isiyo na maandishi hayo, hata ile isiyo na kitabu.

Kazi hiyo ina hatari zake. Mtoto mmoja alileta jina ambalo mama yake alikuwa amelinunua kwa ajili ya mtu maalumu, na mtoto wa mtu huyo alikuwa amekaa mkeka uleule, kundi la nguru. Bi Mwalimu alilisoma kimoyomoyo, akaikunja karatasi, akamwambia ahesabu silabi zake peke yake na ampe jumla. Zilikuwa kumi na saba. "Umepataje?" akauliza, na mtoto akaanza kueleza kwa sauti, silabi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mkeka mzima ukawa umesikia.