Kabati la Vichekesho

Filamu fupi ya Laurel na Hardy iitwayo The Battle of the Century, ya mwaka 1927, inasifika kwa jambo moja: mtu anateleza kwa ganda la ndizi, pai moja inarushwa, na muda si muda mtaa mzima umeingia vitani, kila mmoja na krimu usoni. Pai zilizotumika zinatajwa kufika 3,000. Filamu yenyewe haikutunzwa kama mali. Ilikuwa kichekesho, watu walishacheka, wakaenda zao. Kwa miongo mingi vita ile ilijulikana kwa vipande tu, vile ambavyo Robert Youngson aliviingiza katika mkusanyo wake wa mwaka 1957, The Golden Age of Comedy. Mpaka mwaka 2015, mkusanyaji mmoja wa Marekani akipekua shehena ya filamu zilizowahi kuwa za mkusanyaji mwenzake, alipokutana na mkanda wa pili wa filamu hiyo, karibu mzima. Miaka yote hiyo ulikuwa umelala kwenye makopo ya watu binafsi.

Wapo wanaodhani mtu mzima mwenye kabati la filamu za kuchekesha hana shughuli. Mimi namwona ana kazi, tena kazi ya mikono na ya macho. Utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulikadiria kwamba takribani asilimia 70 ya filamu ndefu bubu zilizotengenezwa nchini humo zimepotea. India nayo, filamu yake ya kwanza yenye sauti, Alam Ara ya mwaka 1931, haina nakala inayojulikana. Sababu moja ni utepe wenyewe: naitreti, iliyotumika mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950, hushika moto upesi, na ikizeeka huoza ikawa unga. Sababu nyingine ni dharau, na vichekesho vilidharauliwa kuliko vingine. Buster Keaton alikuwa bado hai katika miaka ya 1950 wakati mwigizaji James Mason, aliyekuwa akiishi kwenye nyumba ya zamani ya Keaton kule Beverly Hills, alipokuta humo mikanda ya filamu zake imesahauliwa.

Kule Uingereza nako, mtoto wa shule aliyeitwa Kevin Brownlow alianza na projekta ndogo ya nyumbani ya utepe wa milimita 9.5. Alipata vipande vya Napoléon ya Abel Gance, ya mwaka 1927, akaona vinamzidi nguvu, akaanza kusaka vingine. Mwaka 1980 filamu ile ilionyeshwa London kwa karibu saa tano, baada ya yeye kuiunga upya kipande kwa kipande, na mwaka 2010 akatunukiwa Oscar ya heshima. (Napoléon haichekeshi hata kidogo, lakini nimemtaja kwa sababu alianzia sebuleni kwao.)

Sasa ufundi wenyewe. Unaanza kwa kukataa. Kijana wa kibanda cha muvi atakujazia diski ngumu filamu mia tano kabla hujamaliza soda yako, na ukifika nyumbani hutajua uanze na ipi. Nyingi hutaziona maishani. Kabati linahitaji mtu aliyesema hapana mara nyingi, na anayeweza kukueleza kwa nini.

Kichekesho nakipima kwa mara ya tatu. Mara ya kwanza tunacheka kwa sababu tumeshtukizwa. Mara ya pili tunacheka mapema, kwa kuwa tunajua kinachokuja. Ikifika ya tatu mshtuko umekwisha na hamu imepoa, na kinachobaki ni kazi ya mikono ya aliyekitengeneza. Filamu nyingi za kuchekesha hufia hapo. Ile ya Keaton, Steamboat Bill, Jr. ya mwaka 1928, haifi. Dhoruba inang'oa ukuta wa mbele wa nyumba nzima, unamwangukia, naye anabaki wima kwa sababu amesimama mahali hasa palipo upenyo wa dirisha. Ukuta ulikuwa wa kweli, mzito wa kumuua. Mara ya kwanza macho yote huwa kwenye ukuta. Baadaye ndipo unamtazama yeye, na kugundua kwamba uso haukutikisika. Steringi wa namna hiyo, asiyecheka wala kulia, hachoshi. Katika The General, ya mwaka 1926, treni inaporomoka mtoni pamoja na daraja linaloungua, na ile si sanamu ya kuchezea. Ni treni yenyewe.

Chaplin ni mtihani wa namna nyingine. City Lights ilitoka mwaka 1931, sauti zikiwa zimeshaingia kwenye sinema, naye akakataa katakata kuwapa waigizaji wake maneno ya kusema. Tukio fupi la kukutana na binti kipofu muuza maua linatajwa kurudiwa zaidi ya mara 300. Ukilitazama kwa haraka huoni walihangaikia nini. Ukilirudia unaona: ilibidi binti amdhanie tajiri, na sisi tuelewe hivyo bila kuambiwa.

Hapo anaingia adui wa kila mkusanyaji, swali la nakala. The Gold Rush ya mwaka 1925, ile ambayo Chaplin anapika kiatu na kukila (kilitengenezwa kwa peremende), Chaplin mwenyewe aliirudia mwaka 1942, akaondoa maandishi, akapunguza sehemu na kuweka sauti yake akisimulia. Ukinunua bila kuuliza unaweza kuletewa hii ya pili ukadhani ndiyo ya kwanza. Nataka zote mbili kabatini, kila moja na mwaka wake mgongoni mwa kava.

Kuna na mwendo. Watu husema filamu bubu zinakimbiakimbia kama za wendawazimu. Mara nyingi kosa ni la anayeonyesha: kamera za enzi zile zilizungushwa kwa mkono, na picha nyingi zilichukuliwa kwa kasi ndogo kuliko picha 24 kwa sekunde zilizokuja kuwa kipimo cha filamu zenye sauti. Ukizionyesha kwa 24 zinaruka. Nakala iliyotengenezwa na mtu makini hurekebisha hilo, na ghafla Chaplin anatembea kama binadamu. Halafu kuna televisheni zetu za kioo kipana, ambazo nyingine huvuta picha ya zamani ijaze kioo chote, Laurel akawa mnene kumfikia Hardy. Tafuta kitufe cha vipimo vya picha, irudishe kwenye umbo lake, na uvumilie weusi pembeni. Mgeni akilalamika, mpe chai.

Kwetu pwani huwezi kujenga kabati bila picha za Kihindi, na sioni sababu ya kuzitenga na za Hollywood kwenye rafu ya peke yake. Raj Kapoor alimchukua yule maskini wa Chaplin, mwenye suruali fupi na moyo mkubwa, akampa nyimbo. Awaara ya mwaka 1951 na Shree 420 ya mwaka 1955 zina damu ya Chaplin, na Awaara ilipendwa mno Unguja na Dar es Salaam. Kwa hiyo naiweka jirani na City Lights, na watoto wakiuliza kwa nini, wanaonyeshwa zote mbili.

Kila mtu anaikumbuka Sholay ya mwaka 1975, Amitabh na Dharmendra na bunduki zao. Wachache wanakumbuka kwamba mwaka huohuo wawili hao walicheza Chupke Chupke, ambamo Dharmendra, profesa wa mimea, anajifanya dereva anayesema Kihindi kisafi mno ili amkere mkubwa wa nyumba. Aliyewahi kusikia mtu akiagiza chapati kwa Kiswahili cha mtihani ataielewa bila tafsiri. Hrishikesh Mukherjee, aliyeiongoza, alitengeneza pia Golmaal ya mwaka 1979, kisa cha kijana anayemzua pacha wake asiye na masharubu kwa sababu bosi hamwamini mwanamume asiye nayo. Hizi mbili ukizikosa, kabati lako halijaanza.

Na tafsiri? Kanda zilizosimuliwa kwa Kiswahili na Lufufu, zilizokuwa zikijaza vibanda umiza, wengi waliosoma huziona ni uharibifu: sauti yake juu ya sauti za waigizaji, akieleza, akidhihaki, akiongeza na ya kwake. Mimi ninazitafuta. Japani enzi za filamu bubu walikuwa na wasimuliaji walioitwa benshi, waliosimama kando ya pazia na kufanya kazi hiyohiyo, na watu walikwenda kumsikiliza benshi wao hata kabla ya kuuliza filamu ni ipi. Mmoja wa warithi wa kazi hiyo, Matsuda Shunsui, ndiye aliyehangaika kukusanya filamu bubu za Kijapani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na mkusanyo wake ni hazina mpaka leo. Mkanda wa Lufufu basi unakaa kando ya filamu asilia. Hauchukui nafasi yake, wala hautupwi.

Kutunza ni kazi isiyo na sifa. Unyevu wa pwani huotesha ukungu mweupe kwenye kingo za kanda za video; ukiuona, usiitumbukize kanda hiyo kwenye deki, maana utaambukiza vichwa vya deki na kila kanda itakayofuata. Kanda isimame wima, imerudishwa mpaka mwanzo. Diski ifutwe kutoka katikati kwenda nje, isizungushwe kama sahani. Zile zilizochomwa nyumbani hufa mapema kuliko zilizotoka kiwandani, kwa hiyo hizo ndizo za kunakiliwa kwanza, nakala moja ikakae kwa ndugu mtaa mwingine. Ukiagizia DVD Uingereza kumbuka ni za eneo namba 2, na sisi tumewekwa namba 5. Muulize muuzaji wa mashine kama inakubali zote. Na uwe na daftari: jina, mwaka, nakala ipi, ilitoka kwa nani. Mali bila daftari huisha bila habari, na huduma za intaneti, zinazoondoa filamu mkataba ukiisha bila kukuaga, haziwezi kukuandikia daftari hilo.

Rafu ya chini, ya wachekeshaji wetu wenyewe, ndiyo inayonitia wasiwasi. Mzee Small alifariki mwaka 2014. Mzee Ojwang wa Vitimbi, mwaka 2015. King Majuto wa Tanga, mwaka 2018. Walituvunja mbavu kwa miaka mingi, na kazi zao nyingi zilitufikia kwa kanda na kwa VCD zilizokatwa sehemu ya kwanza na ya pili. Ya kwanza utaipata, ya pili utaisaka mpaka uchoke. Chaplin ana watunzaji wake dunia nzima, hatuhitaji. Hawa wana sisi.

Kwa hiyo, kama una kanda ya mmoja wao uvunguni, usiijaribu kwenye deki mbovu. Tafuta mwenye deki nzima, ihamishie kwenye diski ngumu, na uandike majina ya waigizaji wote, hata yule aliyepita mlangoni mara moja akiwa na ndoo. Nakala ya pili mpe jirani.