Sifa za Mtenganishaji

Ukitoka Free Area, Nakuru, kwa barabara ya Nairobi, ukapita Lanet na Mbaruk, Ziwa Elementaita litakuwa mkono wako wa kulia na Gilgil mbele yako. Kwenye vilima vya Gilgil ndiko alikokulia Anthony Allison. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alirudi Kenya akapima damu za watu wa jamii mbalimbali, akakuta selimundu imeenea Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, ilhali huku kwenye baridi ni adimu. Mwaka 1954 akaonyesha kwamba aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria.

Allison ameshasifiwa. Mimi nawasifu wanaotenganisha molekuli.

Mwaka huohuo wa 1949, Linus Pauling na wenzake huko California walithibitisha kwamba himoglobini ya mgonjwa wa selimundu husafiri tofauti ikitiwa kwenye umeme. Baadaye Vernon Ingram alionyesha chanzo: mahali pa asidi ya glutamiki, yenye chaji hasi, pamekaliwa na valini isiyo na chaji. Ni hilo tu! Ndani ya bafa ya pH 8.6, himoglobini ya kawaida hukimbilia ncha chanya, nyingine ikabaki nyuma kidogo.

Mwanagenzi akiona mistari ya himoglobini hizo mbili imegusana, huongeza volti. Umeme ukizidi huleta joto, na joto huitanua mistari hata ikaingiliana zaidi. Afadhali kuibana njia: kapilari ya kioo, yenye tundu lisilozidi sehemu ya kumi ya milimita, hupoteza joto upesi, kama Jorgenson na Lukacs walivyodhihirisha mwaka 1981. Kabla yao, mwaka 1974, Victor Pretorius na wenzake nchini Afrika Kusini walikuwa wameutumia umeme kukisukuma kimiminika kati ya punje zilizojazwa ndani ya mrija. Ndiyo elektrokromatografia: molekuli hutengwa kwa chaji yake na pia kwa jinsi inavyoshikana na punje hizo.

Hapo ndipo ufundi hukolea. Ukuta wa kapilari una chaji hasi, na chaji hiyo ndiyo inayokifanya kimiminika kitiririke. Lakini molekuli yenye chaji chanya huvutwa na ukuta uleule. Hunasa, hung'oka, hunasa tena, kama matatu ya kwenda tauni isiyoruka steji hata moja, na kilele chake kwenye grafu kikatoka kikiburuta mkia. Shusha pH: mkia hufupika, ila mtiririko nao hulegea. Ongeza chumvi: kunasa hupungua, joto hupanda. Upake ukuta tabaka lenye chaji chanya: molekuli husukumwa mbali, lakini mkondo mzima hugeuka, nawe huna budi kuzibadilisha ncha za umeme. Fundi mzuri hugusa jambo moja, huliandika daftarini, kisha husubiri. Simwonei wivu, namheshimu.

Tena Nakuru ya leo si vilima vya Allison. Free Area ina familia zilizotoka Nyanza, Magharibi na Pwani, na jibu la maabara huwa herufi mbili tu: AA, AS au SS, A ikiwa himoglobini ya kawaida na S ya selimundu. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa mmoja kwa wanne wa kuzaa mtoto SS. Mstari wa S ukimezwa na wa A, watu hao wawili wataambiwa hawana la kuhofia.