Bwana Msa na Msomaji wa Nyanda za Juu

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, akafariki mwaka 1991. Kwanza alikuwa mkaguzi katika idara ya afya. Mwaka 1948 aliingia katika kazi ya magazeti, na tangu 1958 hata 1968 alikuwa mhariri wa Mkulima. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957-58, ikapigwa chapa mwaka 1960. Ndani yake alitokea Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, ambaye udugu wake na Sherlock Holmes wa Conan Doyle haufichiki.

Hadithi ya upelelezi husimama juu ya mapatano: msomaji aonyeshwe kila alama aionayo mpelelezi, ili naye apate kukisia. Hapa pana ugumu. Sehemu kubwa ya habari huchukuliwa na mazungumzo yaliyojaa misemo ya Unguja. Msomaji wa Iringa aliyelelewa kwa Kihehe, au wa Mbeya aliyelelewa kwa Kisafwa au Kinyakyusa, mara nyingi amekipata Kiswahili shuleni, sokoni na ofisini. Kwake kila msemo ni fumbo juu ya fumbo, na Bwana Msa humtangulia si kwa akili tu, bali kwa lugha.

Hata hivyo mlango mwingine u wazi. Maiti yaonekana mzimuni, na watu wawatuhumu wazimu. Bwana Msa atafuta mkono wa binadamu. Kwa msomaji wa Rungwe, ajuaye habari za msitu wa Lubaga na matambiko ya Lwembe, hofu hiyo haihitaji kufasiriwa. Pengine yeye hupima hoja za mpelelezi kwa uzito zaidi kuliko mtu wa mjini, kwani kwake swali ni la kweli: je, pahali patakatifu paweza kufanywa maficho ya mwovu?

Simu ya Kifo ya Katalambulla, ya mwaka 1965, yasomeka kwa wepesi zaidi huko bara. Lakini kuzirahisisha hadithi za Abdulla ziwe mfano wake kungeondoa sauti za watu wanaoshukiwa, na pamoja nazo alama zenyewe. Lifaalo ni faharasa njema mwishoni mwa kitabu. Hiyo ingeyatimiza mapatano, na msomaji wa Nyanda za Juu angeshindana na Bwana Msa kwa haki.